Kuchuma Si Kung'oa: Chakula cha Msituni Kina Adabu Yake

Apitaye katika soko la Kibuye mjini Kisumu, au katika kituo cha mabasi cha mji huo, hakosi kukutana na wachuuzi wa mukombero. Ni mizizi ya rangi ya hudhurungi iliyofungwa mafungu mafungu, nayo hutafunwa na vijana kwa wazee: wengine kwa kutafuta hamu ya chakula, wengine kwa kufukuza usingizi, na wengine kwa sababu ambazo wachuuzi hao huzitaja kwa mzaha na ambazo si lazima zitajwe katika ukurasa huu. Wajaluo huuita ogombo. Waluhya ndio wauitao mukombero, na jina hilo la pili ndilo lililoshika sokoni. Wanunuzi huuliza bei. Ni nadra sana kumsikia mnunuzi akiuliza mzizi huo umetoka wapi, umechimbwa na nani, na huko ulikochimbwa kumebaki nini.

Maswali hayo matatu yanastahili kujibiwa, na hasa yanastahili kujibiwa na walimu pamoja na wanafunzi wa nchi hii. Hoja yangu ni kwamba chakula cha msituni hakiwezi kuwafaidi wakazi wa karibu na msitu kwa muda mrefu endapo adabu ya kukitwaa itasahauliwa. Adabu hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote ya Serikali. Imehifadhiwa ndani ya lugha zetu, katika majina ya mimea na katika vitenzi tunavyovitumia kuelezea namna ya kuitwaa. Lugha hiyo ikitupotea, mwongozo wetu umepotea, na msitu hautakawia kuufuata.

Kwanza tuutazame msitu wenyewe. Kiasi cha kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisumu ndiko kuliko mji wa Kakamega, na kando ya mji huo umo msitu wa mvua ambao wataalamu huuhesabu kuwa kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu mikuu ya Kongo na Afrika ya Magharibi. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi mwaka 1933 wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, huko Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa. Eneo lililotangazwa ni kama kilomita za mraba 240, lakini si eneo lote hilo ambalo bado lina miti ya asili. Humo mna aina zaidi ya 300 za ndege, vipepeo wasiohesabika, na mimea ambayo haipatikani penginepo nchini Kenya.

Huenda mkazi wa Kisumu, Bondo au Homa Bay akasema kwamba habari za Kakamega hazimhusu yeye mtu wa ziwani. La hasha! Mto Yala hupita katika msitu huo kabla ya kuteremka hadi kwenye kinamasi cha Yala na kuingia katika Ziwa Viktoria. Mto Isiukhu nao hutoka huko na maji yake huishia katika Mto Nzoia, ambao pia humwaga ziwani. Msitu ukivuliwa nguo, udongo wake utakuja kutua katika maji tunamovua samaki. Isitoshe, ufuo wenyewe una misitu yake midogo, kama ule wa kilima cha Got Ramogi huko Yimbo, katika Kaunti ya Siaya, mahali panapoheshimiwa sana katika historia ya Wajaluo na ambapo waganga wamekuwa wakichuma dawa tangu zama za kale.

Sasa turejee kwenye lugha. Siku hizi hotuba zetu zimejaa msemo "uvunaji endelevu". Neno hili endelevu limekuwa wimbo wa kila kongamano tangu mkutano mkuu wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992. Sina ugomvi nalo. Hata hivyo, neno "kuvuna" lenyewe linahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Katika Kiswahili, mtu huvuna shambani, mahali alipolima, akapanda na kupalilia. Anayevuna mahindi huondoa yote kwa sababu anajua kwamba msimu ujao atapanda tena. Msitu haukupandwa na mtu. Tunapolihamisha neno la shambani na kulipeleka msituni bila ya kufikiri, tunahamisha pamoja nalo tabia ya kuondoa yote.

Wahenga wetu hawakuwa wavivu wa maneno namna hiyo. Walikuwa na kitenzi mahususi kwa kila namna ya kukitwaa chakula. Tunda lililoanguka lenyewe huokotwa. Jani na tunda lililo mtini huchumwa. Asali hurinwa. Kumbikumbi hutegwa. Gome hubambuliwa. Mzizi huchimbwa. Na mmea mzima, ukitolewa pamoja na mizizi yake, huwa umeng'olewa. Msomaji akivipanga vitenzi hivyo kama nilivyovipanga, ataona kwamba vinaunda ngazi inayoanza na tendo lisiloudhuru mmea hata kidogo na kuishia na tendo linaloua. Huo ndio uvunaji endelevu, nao umo katika kamusi yetu ya Kiswahili.

Tuchukue mifano. Mtoto anayeokota mapera yaliyodondoka ukingoni mwa msitu wa Kakamega hajaudhuru mpera. Pengine anausaidia kwa kuzitawanya mbegu zake. Mama anayechuma majani ya nderemia, ule mmea utambaao wenye majani manene yanayoteleza, akiacha shina lake, atarudi baada ya siku chache na kuyakuta mengine yamechipuka. Mrina asali stadi hutumia moshi ili kuwatuliza nyuki, huchukua masega yenye asali na kuyaacha yale yenye majana. Yeye na yule anayeuchoma mzinga hawawezi kuitwa kwa jina moja, ingawa wote wawili watatoka msituni na asali.

Kumbikumbi nao wana funzo lao. Wajaluo huwaita ngwen, na Waluhya huwaita tsiswa. Mvua inaponyesha baada ya kiangazi, hutoka kichuguuni kwa maelfu, na watu wa Magharibi na Nyanza hujua kuwatega kwa mwanga, au kwa kupiga vijiti ardhini ili wadudu wadhani kwamba mvua imeshuka. Wale wanaokamatwa ni wenye mabawa ambao wangetoka kwa vyovyote vile. Malkia hubaki chini pamoja na wafanyakazi wake, na mwaka ujao kichuguu kitatoa wengine. Anayekivunja kichuguu na kumtoa malkia amepata mlo wa siku moja na kupoteza mlo wa miaka mingi. Ni jambo la kutia moyo kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo, kina kituo cha utafiti kuhusu wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Kitoweo walichokidharau wengi kama chakula cha maskini leo kinasomewa shahada.

Tukipanda ngazi hiyo tunafika kwenye gome. Mti wa mwiri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana, hutafutwa kwa ajili ya gome lake linalotengenezewa dawa za wanaume wazee huko Ulaya. Si chakula, lakini ni onyo kwa kila chakula. Gome likibambuliwa upande mmoja, mti huweza kupona. Likibambuliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa ukiwa umesimama. Bei ilipopanda, watu wengi hawakuwa na subira ya kuacha upande mmoja, na kufikia mwaka 1995 ilibidi biashara ya mti huo kati ya nchi na nchi iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Na hapo ndipo ulipo mukombero. Mmea huu, ambao jina lake la kisayansi ni Mondia whitei, ni mtambaazi unaopanda juu ya miti, na kinachotakiwa ni mizizi yake yenye harufu nzuri inayofanana na ile ya vanila. Kwa hiyo unaangukia upande wa hatari wa ngazi yetu. Mchimbaji mwenye adabu huchimba kando, akatwaa baadhi ya mizizi, akaifukia iliyobaki. Mchimbaji mwenye haraka huung'oa mmea mzima. Wote wawili hufika sokoni Kibuye na mafungu yanayofanana, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha. Watafiti wamekwisha kuonya kwamba mmea huo umepungua sana katika msitu wa Kakamega kwa sababu ya kuchimbwa ovyo.

Je, suluhisho ni kuufunga msitu na kuweka askari katika kila njia? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina uzito, kwani kuna sehemu za msitu ambazo hazina budi kuachwa bila ya kuguswa. Hata hivyo, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Kakamega vimo katika sehemu yenye msongamano mkubwa wa watu, na mashamba ya wengi ni madogo mno. Mtu huyo ukimfungia mlango mchana ataingia usiku, na anayechimba usiku hana nafasi ya kuchimba kwa adabu. Wengine husema, kinyume chake, kwamba maskini aachwe achimbe apendavyo kwa kuwa ana karo ya kulipa. Hao nao wanasahau kwamba mzizi uliong'olewa mwaka huu hautalipa karo ya mwaka ujao. Huruma ya namna hiyo ni ya msimu mmoja tu.

Njia ya tatu ipo, na imekwisha kujaribiwa papo hapo Kakamega. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho kilianzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wetu Profesa Thomas Odhiambo na ambacho kina tawi lake huko Mbita kwenye ufuo wa ziwa, kilishirikiana na wakulima wa karibu na msitu ili mimea yenye soko ipandwe mashambani badala ya kusakwa msituni. Mukombero ni mmojawapo wa mimea hiyo. Mwingine ni aina ya kivumbasha ambao kundi la wakulima liitwalo Muliru huupanda na kuukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kundi hilo la Muliru lilipata Tuzo ya Ikweta inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanakijiji hao hawakuuza majani mabichi na kuondoka. Walimiliki kazi ya kuyageuza kuwa bidhaa, na hapo ndipo penye faida.

Mfano mwingine tunao mezani kila siku. Miaka michache tu iliyopita, mnavu, mgagani, mlenda na mitoo zilikuwa mboga za kuonewa haya. Katika Dholuo huitwa osuga, dek, apoth na mitoo, na nyingi zilichumwa zilipojiotea zenyewe kondeni na vichakani. Sisi wenyewe tuliziita magugu huku tukila kabeji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizifanyia utafiti mboga hizi kwa miaka mingi alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Maseno, akaonyesha ubora wake kwa afya na namna ya kupata mbegu bora, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah. Leo mboga hizo zinalimwa, zinauzwa katika maduka makubwa, na akina mama wa Kibuye wanalipia karo kwa fedha zake. Mmea uliobadilishiwa jina, kutoka gugu kuwa mboga, ulibadilishiwa na bei pia.

Wala si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Huko Brazil, katika jimbo la Acre, wagema mpira na waokota njugu za msitu wa Amazon walisimama kuutetea msitu wao dhidi ya wafugaji wakubwa. Kiongozi wao, Chico Mendes, aliuawa mjini Xapuri mwezi wa Desemba mwaka 1988. Mwaka 1990 Serikali ya nchi hiyo ilianza kutenga hifadhi ambamo wenyeji wanaruhusiwa kuishi na kutwaa mazao ya msitu bila ya kuukata. Njugu za Brazil huokotwa zikishaanguka. Ziko kwenye kipago cha kwanza cha ngazi yetu, na ndiyo maana zimewalisha watu vizazi kwa vizazi.

Kuhusu haki ya wenyeji, nchi yetu haina upungufu wa sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wakazi kuunda vyama vya jamii vya kushiriki katika utunzaji wa misitu, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake ikaendeleza utaratibu huo. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na kwamba umiliki wa mbegu na aina za mimea za kienyeji unatambuliwa na kulindwa. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi. Haya ni mambo mema. Lakini, je, jamii itadai vipi haki juu ya maarifa ambayo watoto wake hawana hata majina yake? Atakayesimama mbele ya hakimu kudai kwamba mmea fulani ni urithi wa babu zake ataulizwa babu zake waliuitaje, waliutumia kwa lipi, na waliutwaa namna gani. Akikosa majibu, kesi yake imekwisha kabla haijaanza.

Majina si mapambo. Katika Dholuo neno yath lina maana ya mti na pia maana ya dawa. Wazulu wa Afrika Kusini nao wana neno umuthi lenye maana hizo hizo mbili. Mtoto aliyekulia katika lugha ya namna hiyo hufunzwa, kabla hajaingia darasani, kwamba kila mti una kazi yake. Hali kadhalika, jina huokoa maisha. Anayekwenda kutafuta uyoga bila ya kuyajua majina ya ule unaoliwa na ule unaoua anauchezea uhai wake mwenyewe. Mtoto wa mjini Kisumu leo huyaita yote "majani", na ule mti uliomponya nyanya yake huuita "huo mti". Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huanza pale mtu anapokosa neno.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tangu miaka ya sabini, sera ya elimu imeruhusu lugha ya eneo la shule kutumika katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Kwa nini basi tusianzishe daftari la vyakula vya msituni na kondeni katika kila shule iliyoko kati ya Kakamega na ufuo wa ziwa? Kazi yenyewe ni rahisi. Mwanafunzi aulize nyumbani jina la mmea katika lugha ya mama, alitafute jina la Kiswahili, kisha mwalimu wa sayansi amsaidie kupata jina la kitaalamu. Aandike ni sehemu gani inayoliwa, kwa msimu gani, na kwa kitenzi gani: unaokotwa, unachumwa au unachimbwa? Mwishoni aandike jambo ambalo vitabu vingi hulisahau, yaani kinachopaswa kuachwa. Waitakao insha watapata insha. Waitakao sayansi watapata sayansi.

Msaada upo. Mwaka 1999 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiwamo Patrick Maundu, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula ya jadi nchini, kikiwa na majina yake katika lugha nyingi za Kenya. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi kuwa mfano wa kuigwa na mataifa mengine. Sifa hiyo itakuwa ya bure iwapo dunia itatusifu kwa maarifa ambayo mwanafunzi wa darasa la sita hana habari nayo.

Kila shule na iwe na kitalu kidogo chenye mukombero, osuga, nderemia na mitoo. Serikali za Kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega ziweke utaratibu sokoni wa kuwatambua wauzaji wa mizizi iliyolimwa, ili mnunuzi ajue anamtuza nani. Nasi wa vyuo vikuu, tunaokwenda vijijini na madaftari kuwahoji wazee kisha tukayachapisha majibu yao kwa Kiingereza ng'ambo, tuna deni la kuyarudisha majibu hayo vijijini kwa Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Utafiti usiosomeka na yule aliyehojiwa nao ni namna ya kung'oa bila ya kupanda.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayashibishi. Ni kweli, na mwenye njaa hapewi kamusi. Lakini mukombero haukupungua kwa sababu watu walikuwa na njaa peke yake, kwani njaa ilikuwako zamani na msitu ulikuwako. Ulipungua pale soko lilipokua, huku mafunzo yale ya ni kiasi gani kichukuliwe na kiasi gani kiachwe yakiwa yamefifia. Bei ilifika msituni na adabu ikabaki kwa wazee. Jukumu la shule ni kuvikutanisha tena viwili hivyo, ili kijana aendaye msituni na jembe awe anajua pa kuchimba na pa kukomea.